Kuchomelea bomba lenye gesi si wazimu

Pita gereji yoyote ya pikipiki, umuulize fundi anazibaje tangi la mafuta lililotoboka. Atakwambia analimwaga, analisuuza kwa maji ya sabuni, kisha analijaza maji mpaka karibu na tundu ndipo awashe mashine. Ukitaka kujua kwa nini alijaze tena baada ya kulimwaga, atakushangaa. Tangi tupu ndilo linaloua. Petroli imekwisha, mvuke wake umebaki, na sasa umepata hewa.

Nimeanzia gereji kwa sababu kila ninapotaja kwamba mabomba makubwa ya gesi huchomelewa gesi ikiwa inapita ndani, tena kwa presha, jibu ninalolipata ni moja: huo ni wazimu, kwa nini wasifunge kwanza? Swali ni la haki. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli iliyovuja iliingia mtaroni na kuua watu zaidi ya 100. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori lilipinduka, na waliokufa walizidi 100 vilevile. Hakuna mtu wa ukanda huu anayehitaji kufundishwa kuogopa mafuta na moto. Ila kote kuwili mafuta yalikuwa yameshatoka nje na kukutana na hewa.

Ndani ya bomba lililojaa mambo ni mengine. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 hivi ya mchanganyiko wake na hewa. Ikipungua hapo haiwaki, ikizidi hapo haiwaki. Bomba lenye presha limejaa gesi tupu. Oksijeni haimo, na kwa kuwa presha ya ndani ni kubwa, hewa ya nje haiwezi kupenya. Fundi anachomelea kipande cha tawi ubavuni mwa bomba, juu yake inafungwa vali, juu ya vali inafungwa mashine ya kutoboa. Msumeno wa duara unashuka kupitia vali iliyo wazi, unakata tundu, unarudi juu na kipande ulichokikata, vali inafungwa. Ikienda sawa, mteja wa upande wa pili hata hajui kwamba siku hiyo kulikuwa na kazi.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi ya hofu. Je, moto wa mashine ukiula ukuta wa bomba mpaka upande wa pili? Hilo hutokea, na ndiyo sababu kazi huanza na kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti, si na mashine ya kuchomelea. Utafiti uliofanywa Marekani kwa miaka mingi umeweka mpaka unaotumiwa sana: ukuta ukiwa na milimita 6.4 au zaidi, vijiti vya kuchomelea vikiwa vya haidrojeni kidogo na fundi akifuata utaratibu wa kawaida, kutoboka si jambo la kutarajiwa. Fundi wa vipimo hupaka jeli, hugusisha kifaa sentimita kwa sentimita, huandika namba kwa chaki juu ya chuma. Pakionekana kutu imekula, kazi inahamishwa. Na gesi inayopita inasaidia hapa, maana inabeba joto na kuupoza ukuta kwa ndani.

Hapo sasa ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi, na sijawahi kusikia mpingaji akilitaja. Kinachotisha zaidi katika kazi hii ni baridi.

Mhunzi anajua. Ukitoa chuma chekundu tanurini ukakitosa majini, kinakuwa kigumu, na kikipata pigo baya kinapasuka. Bomba lenye mtiririko wa kasi hufanya vivyo hivyo kwa kila mshono unaowekwa juu yake: chuma kilichoyeyuka sasa hivi kinapozwa kwa sekunde chache, na ukanda mwembamba pembeni ya mshono unakuwa mgumu kupita kiasi. Mafundi huanza kuwa na wasiwasi ugumu ukipita 350 kwa kipimo cha Vickers. Ongeza haidrojeni kutoka kwenye unyevunyevu wa vijiti visivyotunzwa kwenye oveni, ongeza mvuto wa chuma kinachojikunja kikipoa, na unapata ufa. Ufa huu hauna haraka. Unaweza kuja baada ya saa kadhaa, au siku ya pili, mafundi wakiwa wameshafunga vifaa na kuondoka.

Unaweza kudhani dawa ni kulipasha bomba joto kwanza. Wanajaribu, lakini gesi inalichukua joto hilo na kwenda nalo. Ukiongeza moto wa mashine ili mshono upoe polepole, unakaribia kutoboa. Ukiupunguza ili usitoboe, unakaribia ufa. Njia iliyobaki katikati ni nyembamba, na upana wake hauonekani kwa macho. Kwa hiyo kuna jaribio moja ninalolipenda kwa sababu halina makuu. Fundi anapasha kwa mwenge wa gesi duara dogo la upana wa sentimita 5 juu ya bomba mpaka lipite nyuzi 300 za Selsiasi, anaondoa moto, anashika saa na kuhesabu sekunde za joto kushuka kutoka 250 hadi 100. Anarudia mara sita, anatafuta wastani. Sekunde hizo ndizo zinazosema bomba hili, leo, kwa mtiririko huu, litaupoza mshono kwa ukali gani.

Turudi kwa wanaosema funga. Kufunga kuna bei yake, na hupigiwa hesabu mara chache. Chukua bomba la inchi 16, ukubwa wa lile la nchi kavu linaloleta gesi ya Songo Songo Dar es Salaam tangu 2004. Tuseme kipande cha kilomita 20 kati ya vali mbili, kwa presha ya bar 60. Ukikimwaga hewani, hesabu ya haraka inakupa tani 100 hivi za methani. Kwa kipindi cha miaka 20 methani huipasha dunia joto takriban mara 80 kuliko uzito huo huo wa kaboni dioksidi, kwa hiyo ni kama umeachia tani 8,000 za kaboni dioksidi, labda kwa ajili ya kumuunganisha mteja mmoja. Kweli, ukiwa na kompresa unaweza kuihamisha, au ukaichoma. Lakini bado bomba lililoishiwa gesi lazima lipite hali ya gereji mara mbili: hewa inapoingia, na gesi inaporudi. Na mitambo ya umeme inayosubiri mwishoni mwa bomba haisubiri kimya, mgao tunaujua.

Novemba 2010, katika kiwanda cha DuPont karibu na Buffalo, Marekani, fundi wa mkandarasi alikuwa akichomelea juu ya tangi lililoondolewa kazini ili litengenezwe. Gesi iliyokuwamo kwenye mfumo ilikuwa imepenya kupitia bomba la kufurikia lililounganisha matangi. Hewa ya nje ya tangi ilipimwa. Ya ndani haikupimwa. Tangi lililipuka, fundi akafa. Lilikuwa limefungwa, kwa maana ya makaratasi.

Hata hivyo sitaki upande wangu upewe zaidi ya unachostahili. Yapo mabomba ambayo sitaki kuona mtu akiyagusa kwa moto: yenye asetilini, ambayo huweza kulipuka bila hata oksijeni; yenye hewa iliyochanganyika na mafuta; yenye ukuta uliolika. Vyuma vya zamani mara nyingi vina kaboni nyingi, na kaboni ndiyo rafiki wa ule ufa. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, ni la 1968, na bomba la umri huo lisiguswe kabla kemia ya chuma chake haijajulikana. Kanuni za usalama kazini za Marekani nazo zinaruhusu kutoboa bomba lenye presha pale tu mwajiri anapoonyesha kwamba huduma haiwezi kukatika, kwamba kufunga hakuwezekani kiutendaji, na kwamba kuna utaratibu ulioandikwa na vifaa maalumu vya kuwalinda wafanyakazi. Uvivu wa kufunga haumo.

Udhaifu wa kweli wa hoja yangu uko kwenye kungoja. Mshono uliokamilika leo jioni unatakiwa ukaguliwe baada ya muda wa ufa kupita, na muda huo unaweza kufika saa 48. Meneja ana simu inayoita, mteja ameahidiwa gesi kesho, mshono unang'aa. Ningepewa nafasi ya kuona karatasi moja tu kabla ya kazi kama hiyo, nisingeomba kibali chenye mihuri. Ningeomba ile yenye hesabu sita za sekunde, na jina la aliyeshika saa.