Hata Minnesota Watu Huzama

Kuna maneno yanayonichosha kila ninapopiga simu nyumbani Kisumu: eti mvuvi wa Dunga au Usenge, kwetu Ziwa Victoria, huzama kwa ujinga wake, na huku Marekani watu hawafi majini kwa sababu wana akili. Mwenye kuamini hivyo na aje Minnesota mwishoni mwa Novemba.

Huo ndio wakati maziwa ya huku, hasa ya kaskazini, yanapoanza kuganda. Maji yakipoa hadi nyuzi 4 za Selsiasi huwa mazito kupita wakati wowote mwingine, yakazama. Yakipoa zaidi ya hapo hubaki juu na kugeuka barafu, huku samaki wakiendelea na shughuli zao chini. Wavuvi hutoboa shimo kwa keekee, wakateremsha ndoano, wakakaa kitako kungoja. Kufikia Januari wengine huendesha pikapu hadi katikati ya ziwa, wakikokota vibanda vyenye jiko ndani. Nikiwasimulia watu wa nyumbani wanadhani natia chumvi.

Januari si tatizo kubwa. Hatari ni barafu ya kwanza. Samaki wakati huo wanakula vizuri na wako karibu na ufuo, na mvuvi aliyekaa wiki nzima akilitazama ziwa dirishani hashikiki. Idara ya Maliasili ya jimbo hurudia kila mwaka: barafu mpya, ngumu na angavu isipungue inchi 4 kabla mtu hajaikanyaga, gari dogo lingoje inchi 9 au 10, barafu nyeupe ina nusu tu ya nguvu hiyo, kwa hiyo vipimo viongezwe maradufu. Huongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa, na si maneno ya kujikinga tu. Ziwa haligandi sawasawa. Penye chemchemi, mto unapoingia, chini ya daraja, barafu hubaki nyembamba hata kama hatua chache kutoka hapo imekomaa. Theluji nayo ikiiangukia ingali changa huifunika kama blanketi, baridi isiipate vizuri, na mgeni akiona weupe uliotandaa anadhani ni sakafu.

Wenye busara hutembea na mtaimbo wakigonga mbele yao, na shingoni wamening'iniza vishikio viwili vyenye misumari. Ukitumbukia, geukia ulikotoka, maana huko barafu ilikubeba. Kita misumari, piga miguu kama unayeogelea, na ukishapanda biringika, usisimame. Lakini kwanza uweze kupumua: maji baridi namna hiyo humfanya mtu avute pumzi kwa kishindo bila kutaka, na kichwa kikiwa chini anavuta maji. Wanaofundisha uokoaji hutaja dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya kuzirai kwa baridi. Bila jaketi la kuokoa maisha, wengi huzama kabla hiyo saa haijafika.

Haya yote yanajulikana na kutangazwa, na bado watu hutumbukia. Mwishoni mwa Desemba 2023, baridi ikiwa imechelewa sana, pande la barafu lilimeguka kwenye ziwa la Upper Red Lake, huku huku Minnesota, na kuelea na wavuvi zaidi ya 100 juu yake, ikabidi wakaokolewe. Watu wenye simu, magari na utabiri wa hali ya hewa, waliokwenda kujistarehesha! Akili ilikuwa wapi?

Sasa tuje kwetu. Omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipokuwapo. Usiku huohuo pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa lenye maji ya uvuguvugu, hewa yenye unyevu inapanda, dhoruba inazaliwa. Saa za riziki na saa za radi ni zilezile. Mvuvi wetu anayajua hayo kuliko mimi. Lakini halipwi mshahara, analipwa mgao wa samaki. Asipoingia ziwani hana kitu. Uvuvi wa omena unapofunguliwa Agosti, baada ya kufungwa tangu Aprili, ana madeni ya miezi minne dukani. Utamwambia angoje wingu lipite?

Mmarekani akingoja wiki mbili barafu ikomae, anachopoteza ni hamu yake tu. Kwangu mimi tofauti yetu na wao iko hapo, wala si kwenye akili. Kwa hiyo ule msemo wetu wa matangani, "ajali haina kinga", siukubali hata kidogo. Kinga ipo, ila mwenye kuhitaji kinga siye mwenye pesa za kuinunua.

Mwenye boti anazo. Mtu aliyemudu injini ya nguvu za farasi 15 akiniambia jaketi nne ni ghali, ananichezea. Nasi wa ughaibuni tusijitoe. Mtu akizama, kikundi chetu cha WhatsApp huchanga usiku mmoja: jeneza, hema, viti, fahali. Nilipopendekeza tuchangie jaketi kabla ya msiba nilijibiwa kwamba zinabana mikono wakati wa kuvuta nyavu, zina joto, na zitaibwa. Za kubana kweli zipo, na za mshipi unaojazwa hewa zipo pia. Kuhusu wizi, bichi ina kamati na stoo, na injini huwekwa humo humo kila asubuhi bila kupotea. Nitalileta tena jambo hili Julai, kabla ya ziwa kufunguliwa, na safari hii nataka wenye boti waongezwe kwenye kikundi wajibu wenyewe.