Jipu la ubongo na maji ya Mkanda

Chukulia mtoto wa Kizingitini, kisiwani Pate, ambaye sikio lake linatoa usaha tangu kabla ya Ramadhani. Akatiwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, likakauka, likarudi. Sasa kichwa kinamuuma upande uleule, anatapika, na mkono mmoja umelegea. Homa hana, basi nyumbani wametulia. Ndipo wanapokosea: homa, maumivu ya kichwa na udhaifu wa kiungo hukutana kwa mgonjwa mmoja tu kati ya watano hivi wenye jipu la ubongo, yaani usaha uliojikusanya ndani ya ubongo. Usaha wa sikio huweza kula mfupa ukaingia ubongoni, na hata jino bovu huweza kuanzisha jipu.

Akifika hospitali ya Lamu, aanzishiwe dawa za kuua vijidudu papo hapo, au angoje Mombasa kwa daktari wa upasuaji, usaha ufyonzwe kwanza?

Wanaotaka angoje wana hoja. Vijidudu vya usaha uliotolewa kabla ya dawa huota vizuri maabara, vikajulikana, na matibabu yenyewe ni ya wiki 6 hadi 8. Nani abahatishe muda wote huo? Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2023 unakubali dawa zicheleweshwe kwa asiye mahututi, iwapo upasuaji utapatikana upesi, ikiwezekana ndani ya saa 24.

Mimi nakwama kwenye hiyo "iwapo". Boti imekwisha kungoja maji yajae ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara; bado safari ya Mombasa kwa Mokowe, Garsen, Malindi, na daktari wa upasuaji mwenyewe. Jipu likipasukia kwenye vyumba vya maji ya ubongo, hatari ya kufa hupanda sana. Damu ichukuliwe ya kuoteshwa, kisha dawa hizo za vijidudu, seftriaksoni na metronidazoli, zipite mshipani, asafiri nazo. Vijidudu vya usaha bado huweza kuota maabara baadaye, ingawa si kila mara. Ila asitolewe maji ya uti wa mgongo kabla ya picha ya CT ya kichwa (ya mashine ya eksirei yenye kompyuta), kwani ubongo uliobanwa huweza kusukumwa chini. (Na vidonge vya duka la dawa sivyo ninavyovitetea hapa, hivyo hupoza dalili tu.)

Jipu likiwa kwenye uti wa mgongo, sina subira hata kidogo. Mgongo unauma, homa inapanda, miguu inalegea, mkojo unagoma: dawa peke yake mara nyingi haitoshi, na miguu ikishapooza siku mbili tatu, kurudi ni shida. Huyo boti iwashwe kwanza, maswali ya maabara yamkute Mombasa.