Kiwior na Lewis-Skelly nao wasifiwe

Mwandishi wa makala kuhusu mechi ile amemsifu kiungo wetu Declan Rice kwa mabao yale mawili ya adhabu ndogo pale sisi Arsenal tulipoichapa Real Madrid 3-0, Aprili 2025, na anastahili. Lile la kwanza mpira uliuzunguka ukuta, kipa wao Courtois akaruka bila kuufikia. Lakini jamani, beki wetu Kiwior mbona hatajwi? Beki mwenzake Gabriel alikuwa majeruhi, Kiwior kaingia kuziba pengo mbele ya mshambuliaji wao Mbappé na hakutetereka hata kidogo. Na Lewis-Skelly, beki wetu wa kushoto, wakati ule miaka 18 tu! Anapokea mpira amezungukwa, anageuka, anatoka nao. Bao la tatu ndiye aliyempasia Merino, kiungo tuliyemsogeza mbele kwa uhaba wa washambuliaji, naye akauunganisha kwa mguu wa kushoto. Kwangu mimi, Lewis-Skelly ndiye aliyenifurahisha kuliko wote.