Mzee wa Saba

Mpaka leo kuna watu hapa Mbeya wanaosema kwamba sisi madereva wa kujitolea hatujui kuhesabu, na mimi sikubali. Wazee waliopanda Noah yangu pale Uyole asubuhi walikuwa saba, na wazee walioshuka Matema mchana walikuwa saba. Kama kuna mtu anayetaka hesabu iliyo sahihi kuliko hiyo, aendeshe yeye.

Safari yenyewe ni ya kila mwaka, karibu na Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai. Baadhi yetu tulio na magari tunachangia mafuta na kuwapeleka wazee waliopigana Vita vya Kagera wakapunge upepo ufukweni, na kwa kuwa bahari iko mbali mno na migongo yao, tunateremka nao Ziwa Nyasa. Wazee hukataa katakata kununuliwa soda, kwa hiyo mmoja wao, ambaye sisi sote tunamwita Mweka Hazina, hupita na bahasha ya kaki akikusanya michango na kuiandika daftarini. Mweka Hazina ni mtu mwaminifu kupita kiasi, lakini husema mwenyewe kwamba masikio yake aliyaacha Masaka mwaka 1979.

Julai kwetu ni baridi ya kuuma, na wazee walipanda wakiwa wamejifunika makoti, mitandio na kofia hata nisiweze kumtambua nani ni nani isipokuwa kwa fimbo. Sajenti alikaa mbele kwa haki ya cheo. Nyuma yake alikaa Koplo, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu kabla hatujafika Isyonje walikuwa wamekwisha kugombana kuhusu nani alitangulia kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Sajenti alisema ni kikosi chake. Koplo alisema kwamba kikosi cha Sajenti kilipofika, yeye alikuwa amekwisha kunywa chai. Tulipoteremka Kiwira walikuwa hawasemeshani, na tulipoegesha Tukuyu ili watu wanunue ndizi, Koplo alishuka kwa hasira, akaliacha kitini koti lake zito lenye nishani mbili, simu ikiwa mfukoni.

Msafara ulikuwa wa magari matatu. Msimamizi wetu alipita dirisha kwa dirisha akihesabu vichwa, akafika kwangu, akasema, "Saba, twende," tukaenda. Kweli walikuwa saba. Ila katika kiti cha Koplo alikuwa ameketi mzee mwembamba mwenye kofia ya pama, amelipakata lile koti kwa adabu. Mimi niliwaona wazee wenzake hawashtuki, nikadhani ametoka gari jingine. Wao walidhani Koplo amehamia gari jingine kwa kununa, na huyu ameletwa kuziba nafasi. Yeye naye aliona Noah iliyojaa wazee, imeegeshwa kando ya barabara ya Kyela, kiti kimoja ki wazi, na mtu anapita na bahasha akikusanya fedha. Nani angedhani vinginevyo?

Mweka Hazina alipomfikia, mzee yule alitumbukiza noti ya elfu tano na kutamka, "Ipinda." Mweka Hazina akalamba ncha ya kalamu na kuandika daftarini kwa mwandiko wake wa kulala: *Mzee Ipinda, 5,000*. Gari zima likampongeza, kwa maana wengine walikuwa wametoa elfu mbili mbili.

Kutoka hapo aliheshimiwa sana. Wakamsimulia daraja la Kyaka lililovunjwa na majeshi ya Amin Novemba 1978, wakamsimulia mizinga ya Saba Saba iliyokuwa ikilia mpaka ardhi inahama, naye akatikisa kichwa na kusema "ndaga, ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, kila palipostahili. Hatimaye Sajenti akageuka na kumuuliza kwa upole wakati wa vita alikuwa upande gani.

"Mimi nilikuwa kwenye meli," akajibu.

Kimya kikatanda garini. Mwanamaji! Kumbe miaka yote hiyo hawakuwahi kupata mtu wa Ziwa Victoria katika safari yao. Sajenti, ambaye sijawahi kumwona akimpisha mtu yeyote kiti, aliniamuru nisimamishe gari, akahamia nyuma na kumpa mgeni kiti cha mbele.

Mbeya iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Nyasa halifiki meta 500, kwa hiyo kadiri tulivyoteremka ndivyo makoti yalivyovuliwa, na tulipokunja Kikusya gari lilikuwa limejaa nguo na nyimbo. Katikati ya nyimbo hizo, tukikaribia nyumba za kwanza, Mzee Ipinda alipaza sauti, "Ipinda! Ipinda!" Wazee wakamwitikia kwa nguvu, "Oyee!" Mimi nikapiga honi mara mbili kwa heshima yake na kukanyaga mafuta.

Matema palikuwa shwari, maji yametulia chini ya Milima ya Livingstone. Kabla ya kula walipiga picha ya pamoja, na kwa kuwa Mzee Ipinda bado alikuwa amelibeba lile koti, walimvika, wakamweka katikati, wakamnyoosha nishani kifuani. Kisha Sajenti akapanga mstari mchangani na kuita majina. Alipofika kwa Koplo hakuna aliyeitika. Akaita tena. Tukatazamana. Msimamizi akatoa simu na kumpigia, na kifua cha Mzee Ipinda kikaanza kuita.

"Wewe ni nani?" Sajenti akauliza.

"Abiria."

"Si ulisema ulikuwa kwenye meli?"

"Nilikuwa mpishi wa meli, bandari ya Itungi."

"Mwaka 1979?"

"Nilikuwa napika."

Sajenti alitaka kujua kwa nini basi hakushuka kwake. Mzee akamtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto, akasema kwamba aliita jina la kituo wakaitikia oyee, na kwamba hata gari lingesimama asingeshuka, kwa sababu alikuwa hajapewa chenji.

Samaki walikuwa hawajaiva vizuri Noah nyingine, ya abiria hasa, ilipoingia kwa vumbi. Koplo akashuka kiti cha mbele akiwa na mkungu wa ndizi, akatembea moja kwa moja mpaka kwa mtu aliyevaa koti lake, akampigia saluti ya dhihaka, kisha akatugeukia sisi madereva na msimamizi. Hakutukana. Alisema neno moja tu, "Kichura," na Sajenti, ambaye tangu asubuhi hawakuwa wamekubaliana juu ya lolote, akasema, "Mpaka kwenye mitumbwi." Tuliruka kichura juu ya mchanga wa moto, watu wazima wenye leseni na familia, huku akina mama waliokuwa wakiuza vyungu wakitushangilia, nami nikieleza kwa pumzi iliyobaki kwamba saba ni saba.

Jioni tulisimama Ipinda. Mzee hakusogea kitini. Akageuka nyuma, akakunjua kiganja. Mweka Hazina alifungua daftari na kueleza kwamba fedha imekwisha kuandikwa mchango, na kwamba mhusika amekunywa soda mbili na kula samaki mzima. Mzee akajibu kwamba soda alikaribishwa. Ubishi ungefika usiku kama Koplo asingekuwapo, kwa kuwa yeye pekee kati yetu ndiye aliyekuwa amelipa nauli ya njia ile siku hiyo, naye akaitaja kwa sauti ya paredi. Mweka Hazina akatoa, akafuta mstari daftarini, na mzee akahesabu noti mbele ya taa za gari, akashuka.

Nilikuwa nimekwisha kuingiza gia aliporudi na kugonga kioo changu. Alitaka kujua mwakani tutapita Tukuyu saa ngapi.