Walimuuliza alikula wapi

Jirani yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, mama ambaye kanisa lake linamkataza nyama ya nguruwe tangu utotoni, aliumwa kichwa kwa miezi, akatapika, kisha akaanguka kifafa sokoni. Ukoo ulichangishana pesa za skaneri, nayo ikaonyesha ubongoni vifuko vyenye kinda la tegu wa nguruwe, mnyoo bapa. Vingine, vilivyokaa kwenye utando unaozunguka ubongo, vilikuwa vimemletea meninjiti, yaani uvimbe wa utando huo. Wazee wa kanisa walifika kumwona na swali moja: alikula wapi? Nilikuwepo, na nilitamani kuwamwagia chai.

Anayekula nguruwe mwenye vifuko hivyo, tena asiyeiva, hupata tegu wa tumboni, mnyoo wa mita kadhaa anayeweza kukaa humo kwa miaka bila kelele. Hilo nakubali, wala siwatetei wachomaji wetu wanaounguza nyama nje na kuiacha mbichi ndani. Lakini vifuko vya ubongoni huja kwa njia nyingine kabisa: mtu humeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka katika kinyesi cha binadamu aliyebeba mnyoo huyo. Huja kwa mkono uliotoka chooni bila kunawa, kwa maji ya kijito kinachopita chini ya vyoo vyetu vya mteremkoni, na kwa kabichi mbichi ile inayowekwa pembeni ya sahani katika kila nganda, yaani baa ya mtaani, ya Bukavu. Mwenye mwiko anaweza kuisukuma nyama kando, akala kabichi kwa dhamiri safi, na kabichi ndiyo ikamuua. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za Wayahudi wanne wa New York, wa jamii isiyogusa nguruwe, waliopatwa na ugonjwa huu huu. Uchunguzi ulielekea kwa watumishi wa nyumbani waliobeba tegu. Wazee wetu wangewauliza na hao walikula wapi.

Tena kuna mjuaji aliyemshauri mgonjwa ajinunulie dawa ya minyoo famasi, kana kwamba hajui kwamba vifuko vinapokufa ubongo huvimba, na ndiyo sababu daktari hutanguliza dawa ya kupunguza uvimbe.

Sasa mama huyo amepangiwa siku ya kutubu mbele ya waumini. Ndoo ya kunawia mikono, pale mlangoni pa choo cha kanisa lenyewe, ni tupu tangu Pasaka.