Uzoefu au mabadiliko? Tuliokaa Dodoma tumeviona vyote viwili

Uchaguzi wa rais ukikaribia, ubishi wa vijiweni hapa Dodoma unakuwa ule ule, mmoja anasema nchi sio ya kujifunzia apewe anayeijua, mwenzake anajibu huyo anayeijua ndo katufikisha hapa apishe wengine. Wote wana hoja. Ila ukiwaambia wakupe mfano mmoja mzuri wa kwetu ndo unaona mambo yalivyochanganyika.

Chukua 2015. (2025 siiweki humu, mzani unataka vitu viwili na mwaka ule Chadema hawakuwemo kwenye karatasi ya urais na mgombea wa ACT-Wazalendo akaenguliwa, sasa unapima nini.) 2015 CCM ilipata asilimia 58 za urais, ndogo kuliko uchaguzi wowote wa vyama vingi uliokuwa umepita, kwa hiyo watu walichagua kweli. Lakini nani alikuwa mzoefu na nani alikuwa mabadiliko? Lowassa aliyezunguka nchi nzima na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, watu wakiimba mabadiliko alikuwa waziri mkuu tangu mwisho wa 2005 mpaka Februari 2008, akajiuzulu hapa hapa Dodoma baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na nyuma yake alikuwa na Sumaye, waziri mkuu wa miaka kumi ya Mkapa. Mawaziri wakuu wawili wastaafu ndo mabadiliko yenyewe hayo! Upande wa pili Magufuli, yupo serikalini tangu 1995, ujenzi, ardhi, mifugo na uvuvi, ujenzi tena, halafu akauzwa kama mtu mpya ambaye hana kundi. Yaani tuliletewa mzoefu anayeitwa mabadiliko na mzoefu mwingine anayeitwa kazi, Hapa Kazi Tu.

Wanaotetea uzoefu wanasema ukweli mmoja ambao vijana hawapendi kuusikia. Serikali ni mafaili, bajeti, makatibu wakuu na watu waliokaa pale miaka mingi ambao wanajua namna ya kumchelewesha bosi bila kumkatalia. Mgeni akiingia na ahadi mia wanamwitikia ndio mheshimiwa, miaka mitano inaisha. Sasa angalia suala la kuhamia Dodoma, uamuzi ni wa 1973, wakapita Nyerere, Mwinyi, Mkapa na Kikwete, sio kwamba hawakufanya kitu maana Bunge lilikuja na chuo kikuu chetu UDOM kikaanza 2007, ila wizara zenyewe zikabaki Dar na kila mwaka ilikuwa mwaka kesho. Magufuli akasimama hapa Julai 2016 siku ya mashujaa akasema kabla muhula haujaisha anahamia, Majaliwa, waziri mkuu wake, akatangulia Septemba, na Mtumba, mji wa serikali, leo tunapaona. Mi naamini aliweza kwa sababu alikuwa ndani miaka ishirini, anajua nani anasema haiwezekani kwa sababu haiwezekani kweli na nani anasema hivyo kwa sababu nyumba yake iko Mbezi, Dar.

Lakini hapo hapo wa mabadiliko nao wana jibu lao, kwamba hao waliotangulia nao walikuwa wazoefu mno na miaka 43 ikapita. Uzoefu unaweza kumfundisha mtu kufanya jambo na unaweza kumfundisha sababu mia za kutolifanya, na ukiwa nje huwezi kujua wako alifundishwa lipi mpaka uangalie alikoshika ofisi aliacha nini. CDA ilikuwepo hapa tangu 1973, taasisi nzima ya kujenga makao makuu, imevunjwa 2017 huku watu wanalalamikia viwanja. Uzoefu ulikuwepo.

Na kuna kitu watu wa mabadiliko wanakiruka, wanaongea kama vile mabadiliko ni mzigo mmoja ukiupokea umepokea mazuri tu. Tulihamishiwa serikali, sawa, lakini kwenye kipindi hicho hicho Bunge likaacha kuonyeshwa laivu kuanzia Januari 2016, na mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa 2016 mpaka ikafunguliwa Januari 2023. Nani aliyaomba hayo 2015? Hakuna bango lililoandikwa hivyo.

Malawi hapo jirani wamefanya vyote viwili. 2020 baada ya mahakama kufuta matokeo, uchaguzi ukarudiwa wakamtoa Mutharika wakamweka Chakwera, mchungaji, watu wana matumaini kweli. Septemba 2025 wakamrudisha Mutharika yule yule akiwa na miaka 85. Bei zilipanda, mafuta yakawa ya foleni, dola hakuna, na wapiga kura wakaona bora yule wanayemjua. Kuna watakaosema hiyo inathibitisha uzoefu ni bora, mi sioni hivyo, maana huyo mzoefu walimkataa wakiwa wanamjua vizuri, na shida ya dola pale haikuanza na Chakwera.

Tena uzoefu wenyewe wa wapi? Kongwa hapo 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, kampuni iliyopewa kazi ya kuanza ilikuwa na biashara kubwa Afrika Magharibi, matrekta yakaja, ahadi kubwa. Udongo wa kule ukikauka ni sementi na mvua ya Ugogo haina ratiba, kitu ambacho Mgogo yeyote anayelima pale angewaambia. 1951 wakafunga, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda.

Kwa hiyo mi naegemea kidogo kwa mzoefu, ila yule mwenye rekodi inayokaguliwa, sio yule aliyekaa tu kwenye viti. Na maswali yangu ni ya hapa hapa. Maji Dodoma ni shida na bwawa la Farkwa tumelisikia kampeni baada ya kampeni. Mzoefu akija namuuliza alipokuwa ofisini faili la Farkwa aliliacha ukurasa gani. Wa mabadiliko namuuliza hela ya hilo bwawa anaitoa kwenye fungu gani, na ni mradi gani mwingine atakaousimamisha ili aipate.