Dengi, vimeng'enya vyetu na siku ya kwanza ya homa

Masika yakianza Dar es Salaam tunaambiwa yaleyale: mwaga maji kwenye matairi, vifuu na ndoo zilizoachwa uani. Sawa. Ila mji huu umeshapata milipuko ya dengi 2010, 2014 na 2019, na sisikii watu wakizungumza kinachotokea mbu akishamaliza kuuma.

Kirusi cha dengi ni fukara. Kina uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi ya maelekezo yake, wenye herufi takriban 11,000, na humo zinatoka protini 10 tu. Zinatengenezwa zikiwa zimeungana mnyororo mmoja mrefu, usio na kazi mpaka ukatwe. Kirusi kina kimeng'enya chake cha kukata, yaani protini inayofanya kazi kama kisu, lakini hakitoshi. Sehemu nyingine hukatwa na vimeng'enya vya seli ya mgonjwa. Vimeng'enya viitwavyo glukosidasi, navyo ni vya kwetu, hupogoa sukari iliyobandikwa kwenye protini za gamba ili zikunjike sawasawa. Kirusi kikiwa njiani kutoka, furini, kimeng'enya kingine cha seli, hukata kipande kinachoiziba protini mojawapo. Kisipokatwa, kirusi hutoka kikiwa hakijakomaa, na kuambukiza kwake ni kwa shida. Chikungunya, homa nyingine ya mbu iliyotambuliwa mara ya kwanza uwanda wa Makonde mwaka 1952, ni ya ukoo mwingine kabisa, lakini nayo huitegemea furini hiyohiyo. Kirusi cha namna hii ni mpangaji aliyehamia bila hata kisu cha kumenyea kitunguu. Kila kitu anaazima kwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana navutiwa na wazo la dawa inayobana kimeng'enya chetu badala ya kukimbizana na kirusi. Dengi ina aina nne, na zote zinaazima vifaa hivyohivyo. Wapo wanaosema ukibana furini umembana na mgonjwa, maana mwili unaihitaji kila siku. Hoja nzito kwa dawa ya kumeza miaka. Homa ya dengi ni ya wiki moja hivi. Kwangu siku chache ni hatari inayofaa kupimwa.

Kinachonitia shaka ni saa. Singapore walijaribu celgosivir, dawa ya kuzuia glukosidasi, kwa wagonjwa 50 kati ya 2012 na 2013. Walichukua wale tu ambao homa yao haijapita saa 48. Dawa haikuwadhuru, lakini haikupunguza virusi wala homa kwa kiasi cha maana. Na hao waliwahi! Mtu wa Mbagala akishikwa na homa Jumatatu anameza panadol. Jumatano anapima malaria, haipo, na wengine wanapewa dawa mseto hivyohivyo. Ijumaa ndipo mtu anataja dengi, wakati virusi kwenye damu vimeshaanza kupungua vyenyewe.

Kwa hiyo hela ikipatikana, mimi ningeanza na kipimo cha haraka cha dengi, kikae zahanati meza moja na cha malaria, kitumike siku hiyohiyo ya kwanza. Dawa za vimeng'enya ziendelee kutafitiwa, zijaribiwe na kwa wagonjwa wa Temeke na Kinondoni, lakini wapatikane kabla ya hiyo Ijumaa.